Mmea wa shanga: usiuue kwa maji



Juma hili tuongee juu ya mmea wa kupamba baraza. Hapa tutauita mmea wa shanga, kwa sababu majani yake ni ya mviringo, ya kijani, yamejipanga kwenye nyuzi nyembamba na kuning'inia nje ya kopo. Ukiupata Kisangani ukaushusha kwa boti hadi Isangi, jua kwanza kwao ni wapi. Umetoka kusini mwa Afrika, sehemu za ukame. Kila shanga ni akiba ya maji. Kwetu mvua hupungua kidogo Desemba hadi Februari, miezi mingine inanyesha sana. Basi hapa mmea huu haufi kwa kiu, unaoza kwa maji.

Kopo na udongo. Kopo la maziwa ya unga linatosha. Toboa matundu matano au sita chini kwa msumari. Changanya mafungu mawili ya mchanga wa mtoni na fungu moja la udongo mweusi, tia na vipande vidogo vya makala. Udongo mtupu wa shamba unashika maji mno.

Mahali. Utundike chini ya paa, mvua isiufikie, penye mwanga mwingi na jua la asubuhi. Jua la saa sita linauunguza. Ndani penye giza nyuzi zinakuwa ndefu na shanga chache.

Maji. Ingiza kidole kwenye udongo. Kukiwa na unyevu, acha. Kukiwa kukavu na shanga zimeanza kukunjamana, mwagia mpaka maji yatoke chini. Shanga zikilainika na kuwa kama maji ya ugali, umezidisha: kata nyuzi zilizo nzima, uanze upya.

Sahani chini ya kopo, hapana. Maji yanayobaki humo yanaozesha mizizi, tena mbu wanataga. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama juma moja au zaidi kidogo.

Watoto. Hili ndilo kubwa. Shanga hizi zinafanana na mbegu za kula, lakini zina sumu. Mtoto akizila anaweza kutapika na kuharisha, na utomvu wake unawasha ngozi. Utundike juu, mkono wa mtoto usifike, na kata nyuzi zikishuka sana. Okota shanga zilizoanguka kila unapofagia. Mtoto akishaweka mdomoni, toa mabaki, msukutue kwa maji safi, usimlazimishe kutapika. Mpeleke kituo cha afya na kipande cha mmea mkononi, muuguzi akione. Mbuzi nao wasiuguse.

Kuzalisha. Kata uzi wa sentimita 10, uuache kivulini siku mbili kidonda kikauke. Kisha ulaze juu ya udongo, usiuzike, na unyevushe kidogo tu. Baada ya majuma mawili hadi manne mizizi inatoka. Ukitunzwa vizuri unaweza kutoa maua madogo meupe yenye harufu kama ya mdalasini.

Mmea mmoja unatoa nyuzi nyingi. Katika kikundi chenu ufanyeni kama likelemba: kila mkutano mama mmoja anapokea nyuzi tano, na zamu inaendelea. Anayempa mwenzake uzi, ampe na onyo la watoto.