Paneli Ielekee Kibla

Wananchi wa Unguja hawajasahau giza la miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale njia ya umeme utokao Bara ilipoharibika. Leo paneli za sola zinaonekana juu ya mapaa, mjini na shamba. Tunalipongeza jambo hilo, kwani ni kujitegemea kwa vitendo.

Lakini kujitegemea kunataka maarifa. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya huagiza paneli ielekezwe kusini. Kwa huko ni sahihi, maana jua lao la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Sisi tupo nyuzi 6 hivi kusini ya Ikweta. Hapa jua hupita utosini mapema Machi na mapema Oktoba. Kati ya miezi hiyo adhuhuri huwa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa kusini.

Kwa hiyo paneli yetu yapasa ilazwe karibu bapa, iinuliwe nyuzi 10 hivi ili mvua ioshe vumbi, nayo ielekee kaskazini. Upande huo hauhitaji dira, kwani ndio upande wa kibla. Mwenye paa la mteremko mdogo lielekealo mashariki au magharibi asihuzunike. Hasara yake si kubwa. Ahasirikaye ni aliyelaza paneli juu ya mteremko wa nyuzi 45 uelekeao kusini. Adhuhuri ya Juni miale huipiga kwa mshazari mno, hata nguvu yake haifiki theluthi moja ya ile ambayo ingepatikana paneli ikilikabili jua.

Aidha, kivuli kidogo cha mnazi hupunguza umeme kupita ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa kuwa seli za paneli zimeungana kwa mfululizo.

Jua ni neema ya Mwenyezi Mungu isiyo na bei. Paneli ina bei, na aghalabu hununuliwa kwa mkopo. Deni halipungui kwa sababu paneli imeelekea kusiko.

Tunasema basi: vyuo vya mafunzo ya amali viwafunze mafundi hesabu ya jua la kwetu, si la ugenini. Naye mwananchi amuulize fundi, kabla ya kumlipa, paneli itaelekea wapi na kwa nini. Anayejenga sasa aamue mteremko wa paa lake kabla bati la kwanza halijapigiliwa.