Antena ya kusikilizia marubani ukiwa Mirongo, Mwanza

Nianze na linalosemwa kwa wepesi kuliko yote: eti kusikiliza tu hakuhitaji ruhusa ya mtu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza kunasa mawasiliano bila idhini, kwa hiyo pitia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hujaingia dukani.

La pili ni kwamba antena ya TV inatosha. Itanasa kitu, sibishi. Ila vyuma vyake hulazwa, na mawasiliano ya ndege hurushwa kwa antena zilizosimama wima. Tena antena za ving'amuzi zimekatwa kwa masafa ya juu mno, wakati marubani huzungumza kati ya megahezi 118 na 137. Katikati ya hapo wimbi lina urefu wa mita 2.36 hivi. Robo yake, ukipunguza kidogo, ni sentimita 56: fimbo moja ya shaba iliyosimama, na nne za urefu huohuo chini yake zikiinama nyuzi 45. Fundi wa mtaani anaiweza.

Wengine watakuambia uongeze busta, na hapo ndipo fedha za wengi hupotelea. Busta haichagui. Inakuza pia redio za FM, ambazo ni jirani kabisa, megahezi 88 hadi 108, na zina nguvu mara nyingi zaidi. Kipokezi kikizidiwa, utasikia muziki wa Radio Free Africa juu ya sauti ya rubani. Nunua kwanza kichujio cha kuzuia FM; busta huenda usiihitaji kabisa.

"Mirongo ni bondeni, hutapata kitu." Nusu kweli. Ndege iliyo futi 35,000, pasipo kizuizi, hufikika kwa mstari mnyoofu kutoka kilomita zipatazo 370. Vilima vikipunguza, bado hubaki nyingi. Kinachofichwa ni mnara wa kuongozea ndege, ulio chini kule Ilemela, nyuma ya vilima vya Isamilo. Utamsikia rubani akiomba kutua, jibu usilisikie. Nguzo ndefu juu ya paa husaidia, lakini ifungie waya wa ethi, maana radi za ukanda huu wa ziwa si za kuchezea.

Na usitupe waya wa ile antena ya TV. Wanasema haufai kwa kuwa ni wa omu 75, redio ni ya omu 50. Kwa kupokea, hasara ya tofauti hiyo ni ndogo. Mita 30 za RG-58, ule mwembamba, hula karibu robo tatu ya nguvu. RG-6 ya TV hula chini ya nusu.