USINGIZI SI UVIVU



Wako wasimamizi ambao wakimwona mtu anasinzia kwenye mashine humwita mvivu, au husema jana alilewa. Hawaulizi alitoka zamu saa ngapi, wala aliitwa tena saa ngapi.

Tutazame vijana wa chuo wanaotumia miili yao kama sisi. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanafunzi 11 wacheza mpira wa kikapu. Kwanza waliwaacha walale kama walivyozoea. Kisha, kwa wiki 5 hadi 7, wakawataka wakae kitandani angalau saa 10 kila usiku. Mbio fupi walizokuwa wakimaliza kwa sekunde 16.2 wakazimaliza kwa sekunde 15.5, na shabaha yao kapuni ikaongezeka kwa asilimia 9.

Kumbe usingizi ni sehemu ya kazi! Mchezaji aliyechoka hukosa kapu tu. Mfanyakazi aliyechoka hukosa kidole. Mchuma chai anayeamka alfajiri, na fundi wa mitambo anayekesha, miili yao ni ile ile ya binadamu. Mbona usingizi wa mchezaji unapimwa kwa saa, na wetu hauhesabiwi?

Mwajiri atasema, "Wanaomba wenyewe zamu mbili." Ni kweli, wapo. Lakini mtu hauzi usingizi wake kwa kupenda. Anauuza kwa sababu mshahara wa zamu moja haufiki mwisho wa mwezi. Kwa hiyo dai la mapumziko na dai la mshahara ni dai moja. Tusikubali yatenganishwe mezani.

Jirani zetu wa Tanzania, katika sheria ya ajira ya mwaka 2004, waliandika kwamba mfanyakazi kwa kawaida apate saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Nasi tuyadai hayo katika mikataba yetu ya hali bora. Tuongeze kwamba anayetoka zamu ya usiku asiitwe mkutanoni mchana, na kwamba vyumba vya kambini visijazwe watu hata anayelala mchana akose nafasi na utulivu.

Kila tawi liandike zamu za wanachama wake kwa mwezi mmoja: saa ya kuingia, saa ya kutoka. Tukienda mezani na daftari, hakuna atakayetuita wavivu.

Umoja ni nguvu.