Wayahudi wa Mbale na Sisi

Mwaka 1215 Papa Innocent wa Tatu aliitisha mkutano Roma, na wakubwa wa kanisa wakaamua kwamba Wayahudi na Waislamu waishio katika nchi za Kikristo wavae mavazi ya kuwatambulisha. Naam, na Waislamu pia. Mwaka 1290 Wayahudi walifukuzwa Uingereza, mwaka 1492 Hispania, na wengi wakapokewa na Sultani Bayezid wa Pili wa dola ya Uthmaniyya. Hapo tunajisifu, na tuna haki.

Lakini tusiishie hapo. Jirani zetu Uganda, karibu na Mbale, wapo Waafrika wenzetu walio Wayahudi, waitwao Abayudaya. Kiongozi wao, Semei Kakungulu, aliacha Ukristo mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wafuasi wake wakashika Sabato ya Jumamosi. Walizungukwa na Wakristo na Waislamu, wakadumu. Aliyewapiga marufuku ni Idi Amin, miaka ya 1970. Wengi walibadili dini kwa hofu. Wachache wakasali kwa siri. Amin alikuwa Muislamu, na aya ya 256 ya Suratul Baqara alikuwa nayo.

Hapa Naipingo ukoo mmoja una Juma na Yohana. Ramadhani iliyopita niliwasikia vijana wetu wa madrasa wakimzomea mtoto wa Kikristo kwa kula muhogo mchana. Mtoto wa miaka saba! Aliutupa muhogo akakimbia. Wazazi wa vijana wale, nawaomba mwende nao kwa mama yake mkamtake radhi.