Padri Aliyepima Kabla ya Kupunga

Filamu ya The Exorcist ilipoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 26 Desemba 1973, watu walipanga foleni kwenye baridi, na baadhi yao wakatolewa ukumbini wamezirai. Sifa hiyo ya kutisha imeiandama hadi leo na kufunika jambo lililotufanya tuandae toleo hili: anayepambana na Shetani katika kisa hiki ni daktari wa magonjwa ya akili. Damien Karras ni padri Mjesuiti aliyesomeshwa taaluma hiyo na shirika lake. Kazi yake pale Georgetown, Washington, ni kuwasikiliza mapadri wenzake waliolemewa. Naye amelemewa. Imani yake imeyumba, na mama yake mzee amekufa peke yake New York.

William Peter Blatty, aliyeandika riwaya hiyo mwaka 1971 na kisha mswada wa filamu uliompatia Oscar, angeweza kumgawa mtu huyu mara mbili. Filamu nyingi za mapepo hufanya hivyo: huku daktari mwenye kiburi asiyeamini kitu, kule mtumishi wa Mungu, na mwishowe daktari anaumbuka. Blatty aliwaweka wote wawili katika kifua kimoja, na mimi nasema uamuzi huo ndio ulioipa filamu uhai wake wa nusu karne.

Regan, binti wa miaka 12, anapoanza kubadilika, mama yake hakimbilii kanisani. Anampeleka hospitali. Madaktari wanashuku kuna hitilafu kwenye ubongo, na mwongozaji William Friedkin anatuingiza hadi chumba cha vipimo: sindano inazama shingoni, damu inaruka, mashine inagonga kwa kishindo, mtoto analia. Hakuna pepo anayeonekana hapo, lakini katika filamu nzima sijaona panapouma zaidi. Picha zinatoka, hazionyeshi kitu. Na wa kwanza kutaja kupunga pepo ni madaktari wenyewe, kwa hoja kwamba anayeamini amepagawa huenda akapona akiamini ametolewa pepo.

Karras anapofuatwa na mama huyo, anasita. Anakubali kumwona mtoto kama daktari. Anakwenda na kinasa sauti. Anamnyunyizia maji akisema ni ya baraka, kumbe ni ya bomba, na aliyelala kitandani anagaagaa kwa maumivu. Karras anaiweka moyoni: hii inaelekea ugonjwa. Lugha ngeni aliyoinasa kinywani mwa mtoto inapopelekwa kwa wataalamu, inagundulika ni Kiingereza kilichosemwa kinyumenyume. Hata anapokwenda kwa askofu kuomba kibali cha kupunga pepo, anakiri kwamba hana uhakika. Anachoweza kusema ni kuwa masharti ya Kanisa yametimia. Padri Merrin, mpunga pepo mzoefu anayeigizwa na Max von Sydow, anafika mlangoni sehemu kubwa ya filamu ikiwa imekwisha.

Uangalifu huo Blatty hakuubuni. Kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kinamwonya padri asiwe mwepesi wa kuamini kwamba mtu amepagawa. Onyo hilo ni la zamani kuliko taaluma ya magonjwa ya akili yenyewe, na wanaolipuuza huwa wanaacha maiti nyuma yao.

Tarehe 1 Julai 1976, Anneliese Michel, mwanafunzi wa miaka 23 kutoka Bavaria, Ujerumani, alifariki kwa njaa na kukaukiwa maji akiwa na kilo 30 hivi. Kwa miaka kadhaa alikuwa ametibiwa kifafa. Mapadri wawili, wakiwa na kibali cha askofu, walimfanyia vikao 67 vya kupunga pepo, huku mwili wake ukiisha na daktari hayupo. Mwaka 1978 mahakama iliwatia hatiani wao pamoja na wazazi wake kwa kuua kwa uzembe. Kisa chake kilizaa The Exorcism of Emily Rose mwaka 2005 na Requiem mwaka 2006. Naipenda zaidi Requiem ya Hans-Christian Schmid, kwa sababu haimwachi binti hata kidogo ili imtafute Shetani.

Kwetu kuchanganya kifafa na pepo hakuhitaji ukumbi wa sinema. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawakuta wagonjwa waliotengwa kwa hofu ya pepo na ya kuambukizwa, wengine wakiwa na makovu ya kuangukia moto. Dawa aliyowapa, fenobabitoni, ilikuwa ya bei nafuu, na ingali nafuu. Hata hivyo bado wapo watoto wanaoanguka kifafa wakazungushwa kwenye maombi na kwa waganga miaka nenda, miaka rudi, kabla ya kuonwa na daktari.

Sikatai kwamba kuna Shetani. Wasomaji wetu wengi wanaamini yupo, na Karras mwenyewe, mwishoni mwa filamu, alikufa kwa kumwamini. Ninachokataa ni haraka ya kumtaja. Msomaji, itazame tena filamu hii, safari hii ukimfuata padri badala ya mtoto. Na kama nyumbani kwako kuna anayeanguka, mpeleke kliniki wiki hii. Ukitaka aombewe, aombewe huku anakunywa dawa zake.