Kifaa cha kidoleni kipimwe kwa ngozi zetu

Mgonjwa mahututi hubanwa kidoleni kifaa kidogo chenye taa. Hupitisha mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha kwa kulinganisha kiasi kinachofyonzwa na damu, hutaja asilimia ya oksijeni bila kutoboa ngozi. Njia hiyo, aliyoibuni Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970, imeokoa wengi.

Lakini mwanga hupita kwanza kwenye ngozi. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kuwa kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, damu ya wagonjwa weusi ilikutwa chini ya 88 katika vipimo karibu 12 kwa kila 100. Kwa wazungu vilikuwa takriban 4.

Sisi tuliosoma ukimbizini tulivaa nguo za msaada zilizoshonwa kwa vipimo vya wengine. Nguo ikibana, mtu huvumilia. Pumzi haivumilii.

Hatusemi vifaa vitupwe; bila hivyo muuguzi hubaki gizani. Tunasema Wizara ya Afya, kabla ya kununua, idai ushahidi kwamba vimejaribiwa kwa watu wenye ngozi nyeusi kama yetu. Wafadhili nao waulizwe hivyo hivyo. Na daktari akimwona mgonjwa anahema kwa shida huku namba ikidai yu salama, amsikilize mgonjwa na kupima damu yenyewe.