Wasuluhishi Saba wa Ardhi: Kura ya Kijiji Yenye Uzito

Mwananchi wa Bulongwa, wilayani Makete, hapigi kura kumchagua jaji. Majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, kwa mujibu wa Ibara ya 109 ya Katiba. Katika majimbo mengi ya Marekani mambo ni kinyume: mwezi Aprili 2025, kiti kimoja cha Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin kiligombewa kwa kampeni zilizotumia mamilioni ya dola.

Hata hivyo, ipo ngazi ya utatuzi wa migogoro nchini ambayo haikamiliki bila ridhaa ya mwanakijiji, nayo ni Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka baraza hilo liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza majina, na Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, huyathibitisha.

Katika Makete jambo hili si dogo. Ardhi ya milima hiyo hubeba viazi mviringo, ngano na miti ya mbao. Shamba la miti ni akiba inayosubiriwa kwa miaka mingi, hivyo mpaka uliosogezwa leo waweza kuibua ugomvi siku ya kuvuna, wakati shahidi aliyeujua amekwisha kufariki. Aidha, Mkoa wa Njombe ndio wenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU nchini, na vifo vya miaka iliyopita viliacha wajane na yatima ambao haki yao shambani hutegemea kumbukumbu na uadilifu wa majirani. Sheria hiyo hiyo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, lakini kifungu hicho hakimsaidii mjane iwapo wanaomsikiliza hawakijui, au wanakijua na kukinyamazia.

Ni kweli kwamba wajumbe hao saba husuluhisha tu; asiyeridhika huenda Baraza la Kata. Lakini tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo halitoi tena hukumu katika mashauri ya ardhi, bali hupatanisha ndani ya siku 30 kabla ya shauri kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo anayekosa usuluhishi mzuri kijijini ana safari ndefu mbele yake, yenye nauli na siku za kazi zinazopotea, na wenye kipato kidogo ndio hukata tamaa mapema.

Sheria inaagiza mjumbe awe mwenye sifa njema, mwadilifu na mjuzi wa sheria za kimila za ardhi. Mbunge haruhusiwi, wala aliyetiwa hatiani kwa kosa la kukosa uaminifu. Halmashauri zinazopendekeza majina zilichaguliwa Novemba 27, 2024, na uchaguzi huo ulivuta macho ya wengi. Uthibitishaji wa wasuluhishi hauna mabango wala kampeni, na ni rahisi upite kwa mikono kunyooshwa pamoja. Iwapo kati ya wanaopendekezwa yumo mwenye ugomvi wa mpaka na jirani yake, mkutano huo ndio mahali pa kuuliza, kabla mikono haijanyooshwa.